Tisa Juu ya Ishirini

Mwezi wa kumi na moja Mwalimu Kapepula
alinirudishia karatasi ikiwa imekunjwa mara mbili,
kama mtu anayemfunika maiti uso.
Nne juu ya ishirini. Kemia.
Wino wake mwekundu ulikuwa mwingi kuliko wangu.

Nilikaa nayo nyuma ya choo cha shule, Katuba,
vumbi likinipanda soksi,
bomba la kiwanda limesimama kule mbali, kimya,
na mimi, mjukuu wa mtu aliyeyeyusha shaba miaka thelathini,
nashindwa kuiandika ikiungua.

Kosa lilikuwa moja, nikalirudia mara kumi na moja:
pande mbili zikikataa kulingana
nilishika ile tarakimu ndogo, ya mguuni,
nikaigeuza.
Pembeni aliandika: "Hiyo si oksijeni tena. Umezua kitu kingine."
Nilisoma nikasikia tusi.

Nikakariri. Umeme ukikatika, nikakariri kwa mshumaa.
Monga, jirani yangu wa benchi, akanipa zaburi ya mtihani,
nikaikariri nayo.
Tano juu ya ishirini.

Basi Jumamosi moja, soko la Kenya,
mama alikataa karanga za mtu.
Aligeuza kopo la yule bwana juu chini, akaonyesha kitako
kilichogongwa nyundo kikaingia ndani.
"Bei ikikubana, ongeza makopo au punguza makopo.
Kopo usiliguse. Ukiligusa kopo, tunahesabu nini?"
Watu wakacheka. Yule bwana akafunga gunia.

Mimi sikucheka.
Nilikunjua ile karatasi ya nne juu ya goti.
Mbele, si chini.
Mbili mbele ya shaba,
mbili mbele ya ile nyeusi inayozaliwa,
na oksijeni ikabaki na mguu wake.
Zikalingana.
Nilitazama kulia, kushoto, kama mwizi.

Sisemi nilishinda. Mwezi wa saba nilipata tisa,
na tisa ni kuanguka, buletini haina huruma;
mama aliishika, akaiweka, akasonga bukari bila neno.
Lakini ile nne ilikuwa ukuta mtupu.
Hii tisa ilikuwa na mlango:
nilijua alama moja ilidondokea wapi,
swali la sita, mstari wa tatu,
nilipoharakisha nikasahau maji.

Septemba nikarudi darasa lile lile,
benchi ile ile, bila Monga.
Kabla ya tarehe, kabla ya jina langu,
kitu cha kwanza nilichoandika daftarini
kilikuwa maji.