Saa Tisa Kasorobo

Pampu namba saba ina kikohozi.
Tangu Shaabani: kila usiku mara moja, halafu kimya,
na asubuhi Biju anaandika kwenye daftari la zamu:
hakuna kasoro.

Hana kosa. Amechukua mtetemo wa usiku kucha
akaupitisha kwa njia ya Furie,
nao umetoka umepangika kama vikopo vya bizari:
hezi ishirini na tano, mhimili;
hamsini, umeme;
mia na hamsini, mapezi sita ya pampu yenyewe.
Kila kitu na jina lake, na kimo chake.
Ila kikohozi hakimo.

Kimo, nilimwambia. Kimo kote.
Tia punje ya chumvi kwenye birika la chai ya harusi,
kisha uniambie umeionja wapi.
Furie anapima kwa mawimbi yasiyozaliwa wala kufa;
jambo la robo sekunde litasimamaje mbele ya milele
liseme: mimi nilikuwa pale?

Beringi tumeshabadilisha mara mbili.
Mhandisi Muhenna akasema ya tatu itatoka kwenye mishahara yetu.
Alicheka peke yake.

Basi nikachukua kiwimbi.
Hicho huanza, huvimba, hukoma.
Ukikinyoosha kinasikia mngurumo mzito,
ukikibana kinasikia mlio mkali wa kupita.
Nikakitembeza juu ya usiku ule
dakika kwa dakika,
kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi.

03:12.
Kidoa chekundu, chembamba juu, chini kimetanuka.
Vali ya tangi la pili inajifunga ghafla,
na maji yaliyokuwa mbioni yanajigonga kwenye bomba.
Pampu haiumwi.
Inapigwa.

Biju akauliza: hezi ngapi?
Hapo nikakwama. Baina ya mia nne na mia nane,
zaidi ya hapo sikubani.
Ukiishika *lini*, *nini* inakulegea mkononi;
ukiikaza *nini*, *lini* inaponyoka.
Akatikisa kichwa kwa namna ile ya kwao Kerala
ambayo miaka sita sasa sijajua ni ndiyo au siyo.

*

Mama yuko Mabela,
mtaa ambao dirishani utasikia Kiswahili cha Wete
kikigombana na Kiarabu cha wajukuu.
Wiki iliyopita walimfunga kifaa cha moyo, usiku na mchana,
nyaya chini ya kanga.
Daktari akasoma: wastani sabini na mbili. Mzima.
Mama akaikunja karatasi ikawa ndogo kama tambuu.
"Wastani ndiyo nani? Hajapata kulala nyumbani kwangu."

Nikaomba faili lote. Nikakaa nalo zamu ya usiku, Barka,
bahari ikichujwa chumvi nyuma ya ukuta.
Mapigo laki moja na ushei,
na ndani yake, 02:45,
mapigo manne yaliyokanyagana mlangoni.

Alfajiri nikampigia.
Mama, usiku ule, saa nane na dakika arobaini na tano…
(baina ya skrini na mama kuna saa sita siku zote,
nazihesabu kwa vidole hadi leo)
"Saa tisa kasorobo," akanisahihisha.
Kisha kimya. Kijiko kikakoroga kikombe
muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

"Simu ililia mara moja, ikakatika.
Namba ya Pemba.
Nikadhani Shinuna."

Shinuna tumemzika mwaka juzi,
sisi wa huku kwa simu,
spika imewekwa juu ya mto.

Nimeandika kwenye daftari la zamu:
vali ya tangi la pili ifungwe polepole.
Biju ametia sahihi.
Ya mama
sijui niiandike wapi.