Shilingi Arubaini na Sita

Mwenye yadi ya Hindi amenipigia mara mbili.
Anataka mtu wa vitabu, asiyepoteza hata sumuni,
na jina langu alipewa na muuza misumari.
Elfu hamsini na moja, alisema,
kisha akanyamaza ili nisikie uzito wake.

Hapa Langoni, nyuma ya mifuko ya simenti,
napata ishirini na nane.
Alasiri ikishaswaliwa nafunga daftari,
hatua mia tatu na kumi hadi mlangoni kwangu,
nikipisha mkokoteni wa maji na wote wenye haraka.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
neno hilo nimelila, nimelivaa.
Basi usiku, Mwanajabu akishalala,
nikachukua risiti kuukuu, nikaigeuza mgongo.

Boti hadi Mokowe, mia na hamsini.
Pikipiki hadi Hindi, mia mbili.
Kurudi vivyo hivyo, hakuna punguzo la uchovu.
Mia saba kwa siku, siku ishirini na sita:
elfu kumi na nane na mia mbili
zimekwenda na maji na vumbi.
Toa. Kisha toa ya Langoni.
Faida, elfu nne na mia nane.

Ningeishia hapo. Lakini mkono wangu, Mungu ausamehe,
ukagawanya.
Saa mbili za kwenda, saa mbili za kurudi,
kwa mwezi ni saa mia moja na nne.
Kila saa shilingi arubaini na sita
na senti ambazo hakuna duka linazozitaka.

Arubaini na sita.
Haipati nusu kilo ya sukari.
Ndiyo bei ya Swabra kunisomea ukurasa,
kidole chini ya neno, akikwama penye ng',
akinitupia jicho nisije nikamsaidia mapema.
Ndiyo bei ya kuchambua mchele ubavuni mwa mama yake
bila yeyote kusema kitu.

Lakini usinione walii.
Elfu nne na mia nane nayo ni kitu:
ni paa linalotaka ndoo tatu kila masika,
ni deni la Kupi Famau, ambaye siku hizi
hunisalimu kwa kirefu mno.
"Nenda ukaijaribu njia," alisema Mwanajabu, akikanda unga.
"Karatasi haina kiuno kinachouma."

Jumamosi nikaenda. Saa kumi na moja alfajiri niko gatini,
jaketi la chungwa linanuka chumvi na petroli.
Yule bwana alikuwa mwema kuliko nilivyotaka.
Alinionyesha meza, feni, kiti chenye magurudumu.
Alipogeuka, nikazunguka nacho mara moja.

Kurudi, boti likangoja lijae.
Nikafika isha imeswaliwa,
Swabra amelala ukumbini, kinywa wazi,
pengo jipya mbele, ngumi imefungwa.
Ndani ya ngumi, jino,
limeviringishwa kwenye risiti yangu.
Doa la damu lilikuwa juu ya nne, au ya nane,
sikutambua tena.
"Hakutaka kulirusha na mtu mwingine."

Asubuhi tukasimama uani.
Akarusha, likarudi.
Tukalitafuta kwa magoti kati ya masufuria.
Mara ya tatu likabaki juu kwenye makuti,
pale pale panapovuja.
Simu ililia ndani. Ikalia tena.

Nilimpigia adhuhuri.
Nauli iwe juu yako, nikamwambia,
na siku mbili kwa wiki niwe nimeshavuka kabla ya magharibi.
Kimya. Nikasikia kalamu ikigonga meza ile.
"Ngoja nipige hesabu," akasema.

Basi naye apige.
Mimi nimekwama hapa, kama Swabra penye ng',
kidole chini ya neno.