Zamu ya Jerida

Tarehe ishirini na tatu, Mudete.
Stima imepotea tangu alfajiri
na foleni ya kwa Adagala imefika barabarani:
debe, karai, gunia, ndoo ya rangi isiyo na mkono,
kila chombo kikimshikia mwenyewe zamu
naye yuko kivulini, anapiga soga.
Watu wa Nairobi wamerudi. Utawajua kwa viatu.
Wanauliza bei ya jogoo
kana kwamba jogoo amewatukana.

Mimi ni mweka hazina wa akina mama kanisani.
Wiki nzima nimekusanya sabuni, sukari, mafuta ya kujipaka,
tukapeleka makao ya watoto, tukapigwa picha,
maboksi mbele, mimi katikati,
kitambaa cha kichwa kimenyooka.
Nilidhani Desemba nimeimaliza.

Kisha akaja Jerida Kavere
na gorogoro mbili za mahindi ndani ya mfuko wa sukari.

Hatujasalimiana miaka saba.
Alisimama mbele ya chifu akasema
mkonge wa mpakani niliusogeza usiku.
(Niliusogeza. Lakini ilikuwa mchana,
na ni hatua moja tu.)
Tangu hapo ng'ombe wake akivuka namrudisha kwa fimbo,
kuku wangu akivuka harudi.
Kanisani yeye benchi la kushoto, mimi la kulia,
na Bwana katikati, akivumilia.

Stima ikarudi saa tisa. Mashine ikanguruma,
unga ukatua kwenye nyusi za Adagala,
na ghafla kila mtu ana mgonjwa nyumbani,
ana mgeni, ana shemeji,
ana sababu ya kupita mbele.
Mvua ilikuwa imeshajikunja upande wa Kaimosi.
Adagala akapaza sauti: "Nasaga watano, nafunga.
Mkanda huu haufiki jioni."

Nilikuwa wa tatu.
Jerida alikuwa nyuma kabisa, pale foleni inapokuwa matumaini.

Jumapili mchungaji alisema, mpende jirani yako.
Niliandika kwenye daftari, nikaweka na tarehe.
Hakusema kwamba jirani ana jina,
kwamba atakuwa amevaa sweta ya kijani
uliyoifuma wewe mwenyewe, kabla ya yote haya,
na kiwiko kimetoboka.

Sikumpenda. Niseme ukweli, hata pale sikumpenda.
Nilimwita kwa kidevu, kama anayeita mbuzi.
"Simama hapa," nikasema,
nikabeba debe langu hadi nyuma kabisa
huku nikinung'unika ili anisikie.
Hakuniambia asante. Nilingoja, hakuniambia.

Wa tano aliposagiwa, mkanda ukakatika kweli.
Nilirudi nyumbani nimelowa, na mahindi yangu mazima,
wajukuu wakaniuliza, "Kuku, ugali uko wapi?"
Nikawachemshia viazi vitamu
nikamlaumu Jerida, nikamlaumu Adagala,
nikakaribia kumlaumu na mchungaji.

Saa mbili usiku mlango ukagongwa.
Kisia, mtoto wa binti yake, mguu mmoja na ndala,
ameshika bakuli la bluu kwa mikono miwili.
"Nyanya amesema mgawane."
Unga wa gorogoro moja. Nusu ya wao.
Niliingiza kidole ndani: ulikuwa bado vuguvugu.
Na bakuli lilikuwa langu,
lile ambalo miaka saba nimekuwa nikimwombea mwizi wake
kwa Mungu, kwa jina.

Hakuja mwenyewe. Hakuniomba msamaha, wala mimi.
Nilisonga ugali, tukala, sikusema kitu,
wajukuu wakadhani ninaumwa.

Krismasi asubuhi, kabla ya kengele,
nilivaa mabuti juu ya nguo ya kanisani
nikashuka mpakani na jembe.
Mkonge ule wa mwisho, ule mdogo,
nikauchimbua, nikaurudisha hatua moja,
nikaukanyagia udongo vizuri.

Mmoja tu. Mgongo wangu si wa jana.
Hiyo mingine, tutaona Pasaka.