Wino Umeniishia

Nimezaliwa huku juu, mita elfu tatu na mia sita,
siwezi kuisingizia hewa.
Wageni hushuka ndege pale El Alto wakashika vifua,
wakanyweshwa chai ya koka, kesho yake wazima.
Mimi leo ni siku ya tatu.

Ilikuwa Jumamosi, kituo cha gari la waya.
Kibanda cha njano kinakuja, hakisimami kabisa,
hupunguza mwendo tu, kama jirani
anayetaka kusalimia bila kuingia ndani.
Eleuterio kakumbatia mfuko wa mikate,
nami namsimulia habari ya mteja,
mzee mmoja wa Achacachi, kaja kumshitaki shemeji yake kwa kondoo,
na katikati ya kondoo
akanibusu.

Si shavuni. Shavu hapa ni la kila mtu.

Kisha akaruka ndani, mlango ukajifunga,
nikamwona akipaa juu ya mapaa,
kiganja kimebandikwa kiooni:
sijui kwaheri, sijui samahani.
Mkate mmoja ulikuwa umeanguka.
Niliuokota nikaula njiani, mkavu, wote.

Miaka kumi na tisa naandika barua za watu
mbele ya mahakama, kwa taipureta ya marehemu baba.
Nimeomba talaka za wengine, radhi za wengine,
nimeandika "mpenzi wangu" kwa niaba ya wanajeshi
na sikukosea hata mkato.
Jana usiku nikaweka karatasi kwa niaba yangu.
"Mheshimiwa Eleuterio." Nikafuta.
"Eleuterio." Jina likabaki peke yake, limevuliwa kofia.
"Je, ulikusudia?"
Nikaing'oa karatasi, nikaitia jikoni ikaungua.
Kumbe kwa mazoea nilikuwa nimeweka kaboni,
na nakala iko mezani, inanitazama.

Jamani, mimi si msichana.
Nina jozi mbili za miwani, goti moja bovu,
na binti Cochabamba anayenihesabia dawa kwa simu.
Nani kanituma kupaka rangi ya mdomo asubuhi hii,
nikaifuta kwa aibu, nikapaka tena?

Labda aliteleza.
Labda ni njaa, mwenye njaa hukosea.
Labda hata shangazi zake huwabusu hivyo.
Nimemtetea kuliko wakili yeyote wa jengo hili,
na kila nikimwachia huru
ninayefungwa ni mimi.

Jumatatu ndiyo siku yake ya kutuuzia kaboni na tepe za wino.
Yule, kashaanza kwa doña Hortensia,
anacheka, anarudisha chenji.
Sasa yuko meza ya tatu. Hajatazama huku.
Au katazama nilipoinama?

Utepe wangu ni wa juzi tu, mbichi.
Nimeuchomoa, nimeukalia.
Akifika nitasema wino umeniishia.
Vidole vimekuwa vyeusi, ataviona,
na mimi sitavificha.