Mizani ya Majengo

Mimi ni fundi mizani. Soko la Majengo
linaniogopa kidogo: najua jiwe la nani limechongwa chini,
najua kilo ya nani ni gramu mia tisa na arobaini.
Sisemi. Natengeneza tu.

Jumanne, upepo umetujaza nusu ya Chamwino machoni,
akaja Semeni, mjukuu wa mzee Mhembano,
yule aliyekata sampuli za mawe kule Jiolojia
hadi kikohozi kikamstaafisha kabla ya serikali.
"Mbukwa, fundi."
"Mbukwa."
Akafungua kanga; ndani ya kanga, soksi;
ndani ya soksi, kibweta cha plastiki;
ndani ya kibweta, fedha.

Nasema fedha, na lugha inanicheka,
maana fedha hii si fedha:
mpelekee Mama Ndalu akupimie karanga,
atakurudishia pamoja na tusi.
Upande mmoja, ngao ya kisiwa nisichokijua
na tarakimu: dola mbili.
Upande wa pili, kinywa.

Kinywa, karibu kinywa kitupu.
Meno yamepinda kama miiba ya mgunga,
na jicho dogo, dogo mno kwa hasira ile.
Mchongaji alijitahidi: mikunjo ya pua,
uzi wa mate, na nyuma mlima unafuka moshi,
tujue siku hiyo ilikuwa mbaya kwa kila mtu.

"Babu alipewa na mzungu wa mifupa," akasema.
"Walichimba pamoja upande wa Manyoni, miezi minne.
Hawakupata kitu.
Akamwachia hiki, kama pole."

Alitaka uzito tu.
Kuna mtu Arusha atainunua, ila amemwonya:
isiguswe. Alama ya kidole inakata bei nusu.
Mzee mwenyewe hakuigusa miaka kumi na tisa,
yeye ambaye mikono yake ilikuwa imeota mawe.

Nikaitoa kwa koleo nililolivika pamba.
Nikaiweka kwenye mizani ya dhahabu, nikazuia pumzi.
Thelathini na moja, nukta moja.
Pungufu ya yai la kuku wa kienyeji.
Dinosaria wa tani saba, wanasema wenye kusema,
na sasa hafikii yai.
Nimekaa na wauza nyama tangu nina ndevu za kwanza,
sijaona aliyepunja kiasi hicho.

Mji huu nao una mnyama wake.
Tembo alikuja kunywa, tope likamshika miguu,
wakamtazama akienda chini, wakasema: *idodomya*.
Hakuna aliyemtia kwenye fedha.
Tulibaki na kitenzi, tukakijengea stesheni,
bunge, na foleni ya maji.

Hayo nilikuwa nikiyawaza, macho dirishani,
ndipo mtoto wa Semeni, mgongoni,
aliyekuwa akinyonya kidole gumba,
akanyoosha mkono
akamgusa mnyama puani.

Kimya.
Alama ilikaa pale, mviringo ndani ya mviringo,
mbichi, ikikauka taratibu kama unyayo bwawani.
Semeni alivuta ncha ya kanga afute.
Nikamshika mkono: ukifuta, utakwaruza.

Nusu ya bei ilikuwa imeanguka mbele yetu
na mshale haukutikisika.
Nikapima tena, sijui kwa nini.
Thelathini na moja, nukta moja.

Nilimwandikia risiti. Uzito nikajaza.
Penye *maelezo* kalamu ilisita,
nikaacha wazi, mtu wa Arusha ana macho yake.
Alifunga: kibweta, soksi, kanga.
Hakumchapa mtoto. Alimhamishia bega la pili tu.

Kisha akanilipa mia tano,
sarafu iliyopita kiganja cha Dodoma nzima,
nyati wake amesuguliwa hadi pembe zimeanza kufutika,
na bado ni mia tano.