Waya Chini ya Boneti

Winnipeg, Januari. Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Pua inaganda kwa ndani, kope zinashikana.
Natoka saa nne usiku, buti bila soksi,
kuchomeka gari kwenye umeme
kama mtu anayefunga ndama.

Bi Wiebe wa jirani ndiye aliyenifundisha,
baridi yangu ya kwanza, gari lilipogoma alfajiri
nami nikapiga usukani, nikaomba, nikatukana,
kwa mpangilio huo.
Alisimama na koleo la theluji mkononi.
"Umechelewa, Ambakisye," alisema.
"Injini huwashwa jana."

Injini huwashwa jana.
Nimelizungusha neno hilo mdomoni kama kokwa la zambarau.

Kule Tukuyu nilidhani mwanafunzi ni yule wa benchi la mbele,
anayetaja sura na mstari kabla mhubiri hajavuta pumzi.
Nilikuwa na Biblia yenye zipu. Nilikuwa na kalamu tatu za rangi.
Mistari mingi niliipaka njano,
na hakuna hata mmoja ulionipaka mimi.

Sasa mtihani wangu una jina: Bwana Halvorson,
chumba namba kumi na mbili, miaka tisini na mmoja,
zamani mkulima wa ngano.
Mkono wa kulia umekufa;
ulimi umechukua zamu yake.
Jumanne alinimwagia uji.
Akasema aletewe mtu mwingine,
akataja na rangi ya mtu huyo.

Usiku wake sikuwa nimechomeka kitu.
Nililala na simu usoni, nikitazama mpira wa timu nisizozijua.
Basi nikatafuta upole kifuani: kimya. Chuma baridi.
Nikavuta sahani kwa nguvu,
nikasema kwa Kinyakyusa neno moja
ambalo mama angenipigia kofi,
nikidhani lugha inaficha.
Haikuficha. Macho ya mzee yalishuka,
yakabaki kwenye uji uliotapakaa shukani.

Sikufunga. Sikukesha.
Nilisoma mistari minne tu, kwa sauti, jikoni,
Tusekile akikunja nguo za watoto:
Bwana anaondoka mezani, anaweka vazi kando,
anajifunga kitambaa,
na maji yanapita hata miguuni mwa yule aliyekwisha kumuuza.
Tusekile hakuinua uso.
"Wao angalau walijua miguu yao ni michafu," alisema.
Nikacheka.
Kisha nikaacha kucheka.

Jumatano nikarudi chumba namba kumi na mbili, nikaomba radhi.
Kiingereza changu kilinyooka kuliko mgongo wangu.
Hakujibu.
Nikamwosha miguu; ni kazi, imeandikwa kwenye jedwali,
sijitafutii sifa,
ila niliosha na katikati ya vidole, pale ambapo haraka huruka.
Ukucha wa kidole gumba umepinda kama pembe ya mbuzi.
Miguu hii ilitembea nyuma ya ngano miaka sitini
na sikuwahi kuitazama.
Akauliza maji yametoka wapi, yenye joto hivi.
"Bombani," nikasema.

Alhamisi akaomba tena mtu mwingine.

Kwa hiyo sina ushuhuda wa kusimama nao Jumapili.
Nina waya wa rangi ya chungwa, mita tano,
uliokakamaa kwa baridi kama nyoka aliyekufa.
Naunyoosha kidogo kidogo. Nauchomeka.
Ukitega sikio karibu na boneti
unasikia mchirizo mdogo, ule wa birika
kabla hujajua kama litachemka.
Ndani, Kitabu kiko wazi mezani kati ya soksi za watoto.
Kesho zamu yangu inaanza saa kumi na mbili,
na sijui mzee ataamkaje. Wala mimi.

Dirishani kwa Bi Wiebe taa bado inawaka.
Koleo lake limeegemea mlango,
na theluji haijaanza kuanguka.