Wewe

Alikuja ndani ya kiroba cha viazi,
kichwa nje, mguu umefungwa kwa kipande cha kanga,
kwenye pikipiki ya Gwamaka bwana mifugo,
Julai, saa moja asubuhi, Uyole yote ukungu,
mlima Loleza umetoweka kama mdeni.

"Lori la ndizi, pale Igawilo. Mguu utapona.
Hayo mengine sijui.
Wiki sita tu, Mama Lusajo, nimtafutie kwao."
Akakubaliana na kimya changu, akawasha pikipiki,
halafu akapaza sauti juu ya injini:
"Usimpe jina! Jina ni kamba!"

Mimi si mtu wa mbwa.
Kwetu Rungwe mbwa alikuwa kengele yenye miguu minne,
alilala nje na mvua yake.
Basi nikamwita Wewe.
Wewe, kula. Wewe, toka kwenye makaa.

Siku tatu alikaa nyuma ya debe la mahindi,
macho mawili gizani, na harufu ya mkojo.
Nilimsogezea ugali na dagaa
kisha nikageukia ukuta,
maana hakula akitazamwa,
kama mke mgeni mbele ya baba mkwe.

Ufagio niliujua siku ya nne.
Nilipouinua tu, alilala kifudifudi, akajikojolea.
Wiki mbili nzima nilifagia nimepiga magoti,
mwanamke wa miaka hamsini na nane,
nikiwaza ni nyumba gani ilimfundisha somo hilo,
na kama huwa tunasalimiana sokoni.

Mama Sekela akachungulia juu ya michongoma:
"Wenzio wanalea yatima, wewe unalea mbwa wa barabarani."
Sikumjibu. Jibu lilikuja usiku, akiwa amelala.
Nimelea, mama. Wanne.
Yupo Tunduma, yupo Chunya kwenye dhahabu,
wananipigia Jumapili mtandao ukipenda.

Baridi ya kwetu huingia mifupani
kama mpangaji asiyelipa kodi.
Jioni moja, jiko linakaribia kuzima,
alitoka nyuma ya debe akichechemea,
akazunguka mara tatu, akalala juu ya nyayo zangu.
Nilikuwa na haja ndogo.
Sikuinuka mpaka saa nne.

Wiki ya sita ikapita. Gwamaka alisahau.
Sikumkumbusha.

Ya nane alikumbuka.
Tukaenda Makambako kwenye gari ya kuazima,
Wewe katikati yetu, pua dirishani,
akinusa Chimala, akinusa Igawa,
akinusa ule upepo wa Makambako unaovua watu kofia.
Nyumba ya mwalimu. Uzio mzuri, niliukagua.
Binti yake, sweta la kijani, meno mawili hana:
"Anaitwa nani?"
"Wewe."
"Mimi? Mimi naitwa Enelia."
"Hapana. Yeye. Yeye ndiye Wewe."
Akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.
"Wewe!" akaita. "Wewe! Wewe!"
Na yeye akaenda,
mguu mmoja ukichelewa kidogo nyuma ya mitatu,
wala hakugeuka.

"Umefaulu," Gwamaka aliniambia njiani.
Nilikuwa nimeshika kamba.
Sikutaka kufaulu kiasi kile.

Kesho yake nilifagia nimesimama,
ufagio juu, nikiutikisa nipendavyo,
na hakuna kilicholala chini.
Nyumba safi, pana, mbaya.

Alhamisi simu ikalia.
"Mama Lusajo, yupo mmoja Mbalizi, jicho moja,
anauma kidogo, lakini si sana..."
"Sina nafasi," nilisema,
"mwambie mwingine, mimi nimezeeka, sina nafasi,"
na nikaendelea kusema hivyo,
simu begani, magoti sakafuni,
nikipapasa kwa kiganja nyuma ya debe
kama pamekauka.